BRELA, eCitizen na RDB: usajili wa kampuni katika nchi tatu, na sheria inayokungoja baada ya cheti

Mtanzania anayehamia Nairobi, Mkenya anayeshuka Dar es Salaam, Mnyarwanda anayetaka tawi Arusha, wote huanza na swali moja: kampuni inafunguliwa kwa shilingi ngapi na kwa siku ngapi? Ni swali la haki na majibu yake mengi yamo humu. Lakini gharama ya cheti ndiyo ndogo kuliko zote. Kinachoamua kama utaishi na kufanya kazi katika nchi ya jirani ni kile ambacho sheria yake inakuruhusu kufanya baada ya cheti kutoka: kuuza nini, kukaa kwa kibali gani, kumiliki ardhi kwa hati ipi, kulipa kodi kwa utaratibu gani.

Huduma zinazopimwa hapa ni tatu: Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), Huduma ya Usajili wa Biashara ya Kenya (BRS) inayopatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni wa Tanzania (BRELA) kupitia mfumo wake wa usajili mtandaoni, ORS. Zinapimwa kwa macho ya raia wa Afrika Mashariki anayefungua kampuni katika nchi isiyo yake.

Kigali: bure kweli

Kwa usajili peke yake, Rwanda inaongoza na haina mshindani wa karibu. Kusajili kampuni mtandaoni hakulipiwi hata faranga moja. Mtu mmoja anaweza kuwa mwanahisa pekee na mkurugenzi pekee, kwa sheria ya makampuni ya mwaka 2021. Fomu ikiwa safi, cheti hutoka ndani ya saa chache za kazi, na namba ya kampuni ndiyo hiyohiyo TIN yako, yaani namba ya mlipakodi. Huendi kupanga foleni ya pili kwenye mamlaka ya mapato kuomba namba nyingine.

Mahali pa kukwama ni anwani. Fomu ya Rwanda hairidhiki na jina la mtaa na sanduku la posta. Inataka mkoa, wilaya, sekta, akagari na umudugudu, yaani mpaka ngazi ya kitongoji. Mgeni aliyepanga chumba cha ofisi bila kumuuliza mwenye nyumba hayo matano atakwama hapo hapo, au ataandika kwa kubahatisha na kuja kusumbuka baadaye, kwa sababu ada na barua za wilaya hufuata anwani hiyo. Mwanahisa asiyekuwepo Kigali naye anahitaji barua ya uwakilishi iliyothibitishwa. Iandae mapema, kabla hujaanza kujaza.

TIN kuja pamoja na cheti ni jambo jema lenye makali yake. Siku ileile kampuni inaonekana kwenye daftari la mamlaka ya mapato, RRA, na wajibu wa kutoa taarifa za kodi unaanza hata kama hujauza kitu. Wanaofungua kampuni ya "kuweka akiba" Kigali halafu wakarudi kwao kupumzika ndio wanaokutana na faini. Biashara ndogo mpya husamehewa patente, ile ada ya leseni ya wilaya, kwa miaka miwili ya kwanza. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, na kujiandikisha ni lazima mauzo yakizidi faranga milioni 20 kwa mwaka au milioni 5 kwa robo mwaka. Risiti zote hupita kwenye mfumo wa risiti za kielektroniki, EBM, na programu yake hutolewa bure. Tangu 2024 mnunuzi wa mwisho anayedai risiti ya EBM hurudishiwa sehemu ya VAT aliyolipa, kwa hiyo wateja wenyewe ndio wakaguzi wako. Usijaribu kuuza bila risiti Kigali.

Upungufu wa Rwanda hauko kwenye mfumo, uko kwenye soko. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13.2. Tanzania mwaka huohuo ilihesabu milioni 61.7, na Kenya mwaka 2019 ilihesabu milioni 47.6. Kampuni ya programu za kompyuta, ushauri au huduma zinazouzwa nje ya nchi itafurahia Kigali. Muuza bidhaa za kawaida atafikia ukomo wa wateja wake mapema, na mzigo wake mwingi bado utapita kwa lori kutoka Dar au Mombasa.

Nairobi: ada moja, mtego kwenye hisa

Kenya inatoza KSh 10,650 kwa kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa. Kiasi hicho hakipandi kwa sababu mtaji wako ni mkubwa. Sheria ya Makampuni ya 2015 inaruhusu mtu mmoja kuwa mwanahisa na mkurugenzi, na hakuna sharti la jumla kwamba Mkenya ashike sehemu ya hisa. Sekta chache zina masharti yake, ila kampuni ya kawaida ya biashara haina.

Unaingia eCitizen, unachagua BRS, unapendekeza majina matatu kwa mpangilio wa unavyoyapenda. Kila mkurugenzi na mwanahisa anaweka namba ya kitambulisho au pasipoti, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi kutoka mamlaka ya mapato ya Kenya), picha, simu, barua pepe na makazi. PIN ndiyo huwachelewesha wageni: hata Mtanzania au Mganda anahitaji PIN ya KRA kabla jina lake halijaingia kwenye fomu. Anza na hiyo, maana bila PIN fomu yote inasimama. Ukimaliza kujaza, mfumo unatengeneza fomu zako: CR1 ya maombi, CR2 ya mkataba wa kampuni, CR8 ya makazi ya wakurugenzi, taarifa ya mtaji, na fomu ya wamiliki wa kweli, yaani kila mtu mwenye asilimia 10 au zaidi. Zinachapwa, zinasainiwa, zinapandishwa tena. Saini ikikosekana mahali pamoja au ukurasa ukikatwa na skana, maombi yanarudi.

Kosa linaloumiza zaidi halirudishwi na mfumo, linapita kimya kimya. Watu wengi huandika mtaji wa KSh 100,000, hisa 1,000 za KSh 100 kila moja, halafu wanazigawa zote siku ya kwanza. Miezi sita baadaye anakuja mshirika mwenye fedha, na hakuna hisa iliyobaki ya kumpa. Sasa mtu auze zake, na uhamisho wa hisa una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, au kampuni iongeze mtaji kwa azimio na fomu mpya. Kabla ya kugawa, fikiria mshirika wa baadaye na uulize BRS kama hisa zinaweza kuachwa bila kutolewa. Kuuliza mwanzoni hakugharimu kitu.

Cheti kikitoka, PIN ya kampuni hutoka nacho, na CR12 inaonyesha wakurugenzi na wanahisa. Benki, mwenye nyumba na mteja mkubwa wote watadai CR12 ya karibuni, si ya mwaka jana, kwa hiyo utaiomba na kuilipia tena mara kwa mara. Ukishakuwa na PIN, ritani ya kodi ya mapato ni ya kila mwaka, uwe umeuza au hujauza. Kampuni iliyochelewa hutozwa KSh 20,000 au asilimia 5 ya kodi, kinachozidi. Ukiwa na kampuni tatu zilizolala, hesabu hiyo unaipata mara tatu. VAT ni asilimia 16 mauzo yakifika KSh milioni 5 kwa mwaka. Risiti ni za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, programu yake ni ya bure, na tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Kenya sasa hivi inapotelea kwenye ritani.

Halafu kuna kaunti. Cheti cha BRS hakikuruhusu kufungua mlango wa duka. Nairobi ilikusanya leseni ya biashara, zima moto, afya na mabango katika kibali kimoja cha biashara, na hilo ni jambo la kushukuru, kwani zamani kila kimoja kilikuwa na ofisa wake na foleni yake. Bado hulipwa kwa ukubwa wa eneo na aina ya kazi, na ukihamia Mombasa au Kisumu unaanza upya na kaunti nyingine.

Dar es Salaam: soko kubwa, masharti mengi

BRELA ni wakala uliopo tangu 1999, na ORS iliondoa ule usumbufu wa kupeleka mafaili dirishani. Hata hivyo usajili wake unadai umakini kuliko wa majirani. Kwanza, panga kuwa na wakurugenzi wawili na wanahisa wawili. Anayekuja peke yake hutafuta mtu wa kumjazia nafasi, na hapo ndipo ugomvi wa baadaye huzaliwa. Ukimpa mtu hisa moja ili tu fomu ikamilike, andika makubaliano naye kabla ya kusaini, si baada.

Ada inafuata mtaji. Mtaji wa mpaka TSh milioni 1 hulipiwa 95,000. Zaidi ya milioni 1 hadi 5 ni 175,000. Zaidi ya 5 hadi 20 ni 260,000. Zaidi ya 20 hadi 50 ni 290,000. Na kupita milioni 50 ni 440,000. Juu yake kuna 66,000 za kuwasilisha nyaraka tatu, 22,000 kila moja, na ushuru mdogo wa stempu. Malipo ni kwa namba ya malipo, ile kontroli namba, benki au kwa simu. Hii ndiyo sababu wengi huandika mtaji mdogo, nayo ni akili ya muda mfupi: benki na watoa zabuni husoma mtaji huo, na ofisa anayepitia maombi yako ya kibali cha mwekezaji atausoma pia.

Kila Mtanzania ndani ya kampuni anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na TIN binafsi, na mgeni hutumia pasipoti. Katiba ya kampuni, maarufu kama MEMART, inapandishwa pamoja na fomu ya pamoja inayotengenezwa na mfumo, fomu ya uadilifu, na tamko la 14b linaloapwa mbele ya wakili. Sasa angalia yanayorudisha maombi, kwa sababu hujirudia yaleyale. Jina liko NIDA kama Mohamed lakini kwenye MEMART mwandishi ameweka Mohammed. Shughuli zilizochaguliwa kwenye ISIC, orodha ya aina za shughuli za biashara, hazifanani na malengo yaliyoandikwa kwenye katiba: fomu inasema ushauri wa kompyuta, katiba inasema uagizaji wa magari. Idadi ya hisa kwenye ukurasa wa mwisho wa MEMART haijumliki sawa na ile ya fomu. Anwani haina kitalu, kiwanja au kata. Tarehe ya kiapo cha 14b ipo lakini muhuri wa wakili haupo. Mtu mmoja akikaa na MEMART mkono wa kulia na fomu mkono wa kushoto kwa nusu saa, akisoma mstari kwa mstari, huyo ameokoa wiki nzima.

Baada ya cheti kuna TIN ya kampuni kutoka TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, halafu leseni ya biashara. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, za kundi B na Halmashauri, nayo hiyo ni ya kuhuishwa kila mwaka. Mashine ya risiti, EFD, huinunua mwenyewe kwa wakala. Gharama hiyo inamuumiza mwenye mtaji mdogo. VAT Bara kwa kawaida ni asilimia 18, kiwango cha kujiandikisha kikiwa mauzo ya TSh milioni 200 kwa mwaka. Hicho ni kikubwa kuliko cha Kenya na Rwanda, na kwa mfanyabiashara mdogo ni nafuu ya kweli. Taarifa ya mwaka ya BRELA ni TSh 22,000, na ukichelewa ni 2,500 kila mwezi. Ni kidogo, ndiyo maana watu huisahau miaka minane na kuikuta imekua siku wanayotaka kuuza hisa. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na sheria zake. Usidhani cheti cha Bara kimemaliza kazi ya Unguja.

Hata hivyo, jambo linalompasa mgeni kulisoma kabla ya kununua tiketi ni amri ya leseni za biashara iliyochapishwa Julai 2025. Inakataza asiye raia kufanya kazi 15. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa na wauzaji maalumu wa jumla kwa wazalishaji wa ndani, uwakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki, saluni, isipokuwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi, kuongoza watalii, udalali wa biashara na nyumba, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, na viwanda vidogo. Faini haipungui TSh milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemkopesha mgeni jina lake au leseni yake naye ana adhabu: faini ya TSh milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Fundi simu Mkenya anayelenga Kariakoo, basi, ajue mapema: anaweza kupata cheti cha kampuni, akapata TIN, akapanga fremu, na bado asiruhusiwe kushika bisibisi. Amri haikuwatoa kwenye katazo raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya ililalamika wazi. Ndani ya Tanzania wapo wengi walioipokea kwa furaha, na hoja yao ina uzito: mwenye duka dogo wa Kariakoo alikuwa anashindana na mwagizaji mwenye kiwanda nyuma yake. Kosa ni kumweka kapu moja mwagizaji huyo na msusi aliyevuka Namanga na sanduku moja. Ibara ya 13 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 1 Julai 2010, inazungumzia haki ya raia wa Jumuiya kuanzisha biashara katika nchi mwanachama. Huwezi kumwambia mtu haki hiyo ipo na papo hapo umzuie kusuka.

Vibali

Kuwa na kampuni si kuwa na ruhusa ya kufanya kazi ndani yake. Hili halijui nchi, liko kote.

Tanzania ina hatua mbili. Sheria ya Ajira za Wageni ya 2015 inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Kikitoka ndipo Uhamiaji watoe kibali cha ukaazi. Daraja A ni la mwekezaji katika vyote viwili, kwa hiyo hakikisha unajua unaulizwa A ipi. Vyote vinalipiwa. Kenya ina kibali kimoja cha Uhamiaji: daraja D kwa mwajiriwa, daraja G kwa mwekezaji, ambalo kwa kawaida linadai ushahidi wa mtaji wa dola 100,000, ingawa raia wa Jumuiya aulize kwanza daraja linalomhusu. Kenya na Rwanda ziliondoleana ada ya kibali cha kazi kwa raia wao, na hapo ndipo soko la pamoja linapogusa mfuko wa mtu. Tarehe 28 Novemba 2017, akiapishwa kwa muhula wa pili, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki ataweza kufanya kazi na biashara Kenya kwa kitambulisho chake tu. Tangazo lilipokelewa kwa shangwe, lakini kibali hakikufutwa kwenye sheria. Ukikutana na mshauri anayekuambia kitambulisho kinatosha, mwombe akuonyeshe kifungu.

Pasi ya kuingilia mpakani hukupa muda wa kukaa, haikupi ajira. Wanaokamatwa na kurudishwa wengi wao walikuwa na pasi halali mfukoni. Walikutwa nyuma ya kaunta.

Ardhi

Itifaki yenyewe, ibara ya 15, inaacha ardhi kwa sheria za kila nchi. Kenya, kwa ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Rwanda inatoa ukodishaji wa muda mrefu. Kampuni uliyosajili haikuvushi hapa: kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni huhesabiwa kuwa mgeni Tanzania, na Kenya ni lazima imilikiwe na raia watupu ndipo ihesabiwe ya Kenya. Wanaonunua kiwanja Tanzania kwa jina la shemeji hawana kesi ya kushinda siku shemeji akigeuka.

Kwa hiyo, wapi?

Kazi ya huduma inayouzwa kwa mtandao, mtu mmoja au wawili, mtaji mdogo: Kigali, bila kusita. Biashara inayohitaji benki zenye uzoefu, wawekezaji na wateja wa kampuni kubwa: Nairobi, mradi uwe na mhasibu tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu makato ya ajira peke yake ni somo (asilimia 2.75 ya bima ya afya, SHA, asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba kutoka kwa mfanyakazi na nyingine kama hiyo kutoka kwa mwajiri, pamoja na hifadhi ya jamii, NSSF). Kiwanda cha kati, kilimo cha mashamba makubwa au utalii wenye mtaji: Tanzania ina ardhi, bandari na wanunuzi, na mwajiri wa watu wasiofika 10 halipi tozo ya ufundi stadi, SDL, ambayo ni asilimia 3.5. Rejareja, saluni, ufundi simu na udalali kwa mgeni: si Tanzania kwa sasa.

Na kabla ya kufungua popote, uliza utafungaje. Kenya kampuni isiyotakiwa huombewa kufutwa, tangazo likatoka kwenye Gazeti rasmi, mkasubiri wenye pingamizi, na KRA lazima iwe imeridhika. Tanzania BRELA haitaigusa taarifa yoyote mpya kwa wepesi ikiwa za miaka iliyopita hazijawasilishwa. Rwanda ni lazima RRA ithibitishe kwamba hudaiwi. Kote kutatu, anayefunga vizuri ni aliyewasilisha ritani za sifuri kwa wakati hata alipokuwa hana mauzo. Weka tarehe hizo kwenye simu siku ileile cheti kinapotoka: mwisho wa Juni kwa kampuni ya Kenya inayofunga hesabu Desemba, mwisho wa Januari kwa patente ya Rwanda, na kwa Tanzania tarehe ya kumbukumbu ya usajili wako BRELA.